TAA ZA GARI NA RANGI ZAKE

Ndugu msomaji, mimi ni bwana shamba. Kila mwezi tunazungumza juu ya mahindi na mbolea. Leo tuzungumze juu ya taa za gari, maana nusura zinitoe roho.

Jioni moja nilikuwa natoka kwa wakulima. Nilipanda baiskeli, na giza lilikuwa limeingia. Mbele yangu niliona taa mbili nyekundu. Nikasema moyoni, "Lile gari linakwenda, nami nalifuata." Kwa hiyo sikushika pembeni. Kumbe gari lilikuwa linanijia! Taa zake kubwa zilikuwa zimekufa. Zilizowaka ni taa za mapambo, ambazo mwenyewe alizifunga usoni mwa gari. Nikajitupa mtaroni na mfuko wangu wa mbegu.

Je, nilikuwa mjinga? Hapana. Taa nyekundu ni ya nyuma. Mataifa yaliandika jambo hili katika mkataba wa barabara uliotiwa sahihi Vienna mwaka 1968. Gari lisioneshe taa nyekundu mbele. Wala lisioneshe nyeupe nyuma, ila ile ya kurudi kinyumenyume. Uingereza nao wanakataza nyekundu mbele katika kanuni zao za taa za mwaka 1989. Hivyo mtu aliye mbali gizani hujua gari linakuja au linakwenda. Ukibadili rangi, umemdanganya.

Kwetu Tanzania tuna Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Vimulimuli na ving'ora ni vya magari ya dharura, kama ya polisi, ya wagonjwa na ya zimamoto. Kila basi likiwa na kimulimuli, nani atalipisha gari lililobeba mama mjamzito?

Tena kuna nyaya. Taa ya kuongeza ikiunganishwa ovyo, bila fyuzi, waya hupata moto na gari huweza kuungua. Na taa kali ikikupiga machoni, huoni kitu kwa muda. Mbuzi anaweza kuvuka, au mtoto.

Yule ndugu alisimama. Alisema alitaka gari lake lipendeze tu. Sikumgombeza sana, kwa sababu naye alikuwa anatetemeka. Tuliokota mbegu kwa kurunzi, tukapata karibu nusu. Siku ya pili alimwita fundi, akazing'oa zile taa na kutengeneza zile kubwa.