Kiwiko Hakijawahi Kuleta Kombe

Wanatuambia NBA ya leo imelegea: enzi za Detroit Pistons, wale “Bad Boys”, wanaume walicheza kwa viwiko, na viwiko hivyo ndivyo vilivyoleta ubingwa wa 1989 na 1990. Ati!

Mchezaji bora wa fainali za 1989 alikuwa Joe Dumars, muungwana ambaye tuzo ya NBA ya uungwana uwanjani leo ina jina lake. Wa 1990 alikuwa Isiah Thomas, fundi wa kuchezesha timu. Bill Laimbeer, gwiji wa viwiko, hakuambulia tuzo ya mchezaji bora wa fainali. Na kama rafu huleta kombe, mbona 1991 ziligoma? Dennis Rodman wa Pistons alimsukuma Scottie Pippen wa Chicago Bulls akiwa hewani. Pippen akainuka na kidevu kikivuja damu, akaendelea kucheza, Bulls wakamaliza kazi kwa michezo 4-0. Ngangari ni yupi hapo? Mashujaa wetu wengi wa Pistons waliondoka uwanjani kabla ya filimbi ya mwisho, bila kuwapa wapinzani mkono.

Eti “ni sehemu ya mchezo”. Mwaka 1977 ngumi ya Kermit Washington ilimvunja uso Rudy Tomjanovich, nusura imuue. Huo si ulinzi. Ni kupiga mtu.