Adui Aliye Chini ya Udongo

Mkulima aonapo mimea inanyauka, mara husema, "Mvua imekosa." Wakulima wa Ufaransa, Ujerumani na Uswisi wamejifunza kuchimba kwanza, ndipo waseme. Kwao yuko mbawakawa wa kahawia, urefu wake kama inchi moja, ambaye hutoka ardhini mwezi wa Mei na kula majani ya miti kwa majuma machache, kisha hufa. Lakini mharibifu hasa ni mtoto wake, buu mnene mweupe aliyejikunja, akaaye udongoni miaka mitatu au minne akitafuna mizizi. Mwaka 1479 mabuu hao walishtakiwa mbele ya askofu wa Lausanne, wakalaaniwa, hukumu haikuwafukuza.

Mbawakawa huyo si wa Kenya, ila jamaa zake wapo, na mabuu wao hula mizizi ya mahindi, ngano na miwa. Basi mche ukinyauka na udongo ungali na maji, usingojee mvua wala usimshuku jirani. Ung'oe, uitazame mizizi. Ukiwakuta mabuu, lima mapema, uwaache kuku na ndege wafuate jembe. Kisha umwone Bwana Shamba.