"Shusha Hapo Hapo": Kosa Letu Sisi Abiria



Kuna maneno ambayo sisi mafrateri tumeyasema ndani ya haisi mara nyingi kuliko sala yoyote ya safari: "Konda, tushushe hapo getini." Tumeyasema tukirudi kutoka utume wa Jumamosi, tukirudi kutoka hospitali kuwaona wagonjwa, tukirudi kutoka likizo na mabegi yetu. Geti letu liko kando ya barabara kuu, mara tu baada ya kona. Kituo kiko mbele yake, hatua 400 hivi. Tulizihesabu baadaye, kwa sababu tutakayoieleza. Ni mwendo wa dakika nne au tano kwa kijana mwenye afya, na sisi sote ni vijana wenye afya.

Jumamosi moja ya mwaka jana tulikuwa watano, tumevaa kanzu, tumechoka. Mmoja wetu akasema maneno yale. Tumekubaliana kutomtaja, maana kama asingesema yeye angesema mwingine; wote tulikuwa tukiyangoja. Dereva alipotuona kwenye kioo akapunguza mwendo na kusimama papo hapo, magurudumu yote manne yakiwa juu ya lami. Alifanya hivyo kwa heshima. Tuliposhuka, akashuka nyuma yetu mtoto wa darasa la tatu ambaye kwao ni ng'ambo ya barabara. Yeye alipaswa kushukia kituoni, lakini mlango ulikuwa wazi na nyumbani kwao kulionekana. Akapita mbele ya haisi akikimbia. Pikipiki iliyokuwa nyuma yetu ilikuwa imeshatoka upande wa kulia kulipita gari lililosimama. Mwendesha pikipiki hakumwona mtoto, na mtoto hakuiona pikipiki. Haisi iliwaficha wote wawili.

Mtoto alivunjika mguu. Yu hai, na sasa anatembea, tunamshukuru Mungu. Tulipokwenda kumtembelea, bibi yake alitupokea vizuri kuliko tulivyostahili, akatukaribisha chai, akasema: "Ndiyo mapenzi ya Mungu, wanangu." Hakuna aliyemjibu. Tulitamani sana kukubaliana naye, na hapo ndipo tulipoanza kuona aibu, kwa sababu tulijua vizuri nani alitaka gari lisimame pale.

Basi makala haya hayahusu madereva. Madereva wamekwisha kusemwa vya kutosha, na sisi tuliokaa viti vya nyuma tumezoea kuitikia. Tunataka kuzungumzia sauti inayotoka nyuma.

Kanuni zenyewe si ngumu. Kila aliyepita chuo cha udereva amefundishwa: kabla ya kusimama angalia vioo, washa taa ya kuonyesha upande, toka kabisa kwenye njia ya magari, simama kwenye eneo lililotengwa pale lilipo. Usisimame juu ya kivuko cha waenda kwa miguu, wala kwenye kona, wala darajani, wala kwenye kilele cha mlima ambako anayekuja hakuoni, wala kwenye makutano ya barabara au njia ya reli. Abiria ashukie upande wa kushoto, mbali na magari, na gari lisiondoke mpaka mlango ufungwe. Na abiria anayetaka kuvuka angoje gari lililomshusha liondoke kwanza, ili aone na aonekane. Tungekuwa na nafasi ya kufundisha kanuni moja tu katika shule zote za msingi zilizo kando ya barabara kuu, tungefundisha hiyo ya mwisho.

Nchini kwetu Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ipo tangu mwaka 1973. Ni kongwe kuliko wengi wetu tunaosoma makala haya. Kwa hiyo hatuna shida ya kukosa sheria. Shida yetu ni kwamba tunaiona kama jambo la trafiki: pale aliposimama mwenye sare nyeupe, sheria ipo, alipoondoka, imeondoka naye.

Darasani tunasoma kwamba Mtakatifu Thoma wa Akwino aliitazama sheria kwa namna nyingine kabisa. Kwake, sheria ni kazi ya akili inayolenga manufaa ya wote, iliyowekwa na aliye na dhamana ya jumuiya na kutangazwa kwa watu. Anaeleza pia kwamba sheria nyingi za binadamu hazitoki moja kwa moja katika sheria ya maumbile, bali ni namna ya kuipa umbo. Maumbile yanatuambia tusimdhuru jirani. Hayatuambii kama tuendeshe kushoto au kulia, wala kituo kiwe hatua 400 kutoka getini. Hayo lazima mtu ayaamue, na yakishaamuliwa kwa haki yanatufunga katika dhamiri, trafiki awepo asiwepo. Tuliandika hayo kwenye mtihani na tukafaulu. Tukapanda haisi.

Yupo mwenzetu aliyeleta hoja nzuri wakati wa mjadala wetu, na ni haki tuiweke hapa. Alisema: Thoma huyo huyo anafundisha kwamba desturi ya watu inaweza kupata nguvu ya sheria, hata kuifuta sheria iliyopo. Je, kushuka popote si desturi yetu sasa? Dereva anajua, konda anajua, abiria anajua, hata trafiki anajua. Labda sheria ya vituo imeshafutwa na miguu yetu wenyewe. Tulicheka, lakini hoja ilitukalisha hadi kengele ya chakula. Jibu tulilolipata ni kwamba Thoma anaipa desturi nguvu hiyo kwa sababu matendo yanayorudiwa yanaonyesha uamuzi wa akili ya watu. Desturi isiyo na akili ndani yake haina nguvu hiyo. Tujiulize, basi: ni nani aliyewahi kukaa akafikiri, akaamua kwamba ni vyema gari lenye abiria 18 lisimame kwenye kona? Hakuna. Kila mmoja anataka tu lisimame kwake, leo, mara moja hii. Hiyo ni haja ya kila mtu peke yake, iliyojumlishwa mara elfu.

Tusimwache konda na dereva wake bila kuwatetea kidogo. Wengi wao hawana mshahara. Gari ni la mwenyewe, na jioni wanapeleka hesabu. Kinachobaki baada ya mafuta ndicho chakula cha watoto wao. Katika mpango huo, kila mtu anayepunga mkono kando ya barabara ni fedha, na kumwacha ni kumwachia gari la nyuma. Ndiyo maana gari husimama ghafla mbele ya mama mwenye kapu, na ndiyo maana gari hilo hilo husita kusimama kituoni wakiwapo wanafunzi watupu, kwa kuwa nauli yao ni ndogo. Watoto wetu wameshajifunza kudandia gari likiwa bado linatembea na kuruka kabla halijasimama. Anayevunja kanuni ya kusimama kwa kusimama pabaya na anayeivunja kwa kukataa kusimama panapostahili ni mtu mmoja, na hesabu ya jioni ndiyo inayomsukuma pande zote mbili. Wamiliki wa magari hayo wamo katika parokia zetu. Wengine ni wafadhili wetu wazuri. Tunaliandika hili kwa heshima, lakini tunaliandika.

Hata hivyo, hesabu haielezi yote. Dar es Salaam mabasi ya mwendokasi yanatembea tangu mwaka 2016. Abiria wake ni walewale wa daladala: wana haraka ileile na mizigo ileile. Lakini ndani ya mwendokasi hakuna anayepiga kelele "shusha hapo kwenye nguzo". Mtu anayeishi katikati ya vituo viwili hushuka kwenye kimoja na kutembea, wala hamwoni dereva kuwa katili. Dereva wa basi lile hapewi hesabu kwa kila anayepunga mkono, ni kweli, na milango imetengenezwa kufunguka sawa na jukwaa la kituo. Ila na sisi abiria tunabadilika tukiingia mle. Kumbe tunaweza.

Tunajua litakaloulizwa: na mzee asiyeweza kutembea je? Mjamzito? Mgonjwa anayetoka kuchomwa sindano? Hapa Thoma tena anatusaidia, maana anakubali kwamba ipo dharura ambamo kushika maneno ya sheria ni kuiumiza nia yake. Dereva akimshusha mgonjwa karibu na zahanati, akatoka kwanza kwenye lami, akawasha taa za tahadhari, na konda akashuka kumvusha, hatuoni kosa. Lakini dharura ya mgonjwa isiwe koti la kuvaliwa na mafrateri watano wenye uchovu wa kawaida. Na kama kituo kweli kiko mbali na zahanati au shule, hilo ni kosa la mpango, nalo lina wahusika wake: barabara kuu ni za TANROADS, za mitaa na vijijini ni za TARURA, na usafiri wa abiria unasimamiwa na LATRA. Barua ya halmashauri ya walei ya kuomba kituo kisogezwe ni tendo la upendo kama ilivyo sadaka ya kapu, ingawa haina nyimbo.

Kanisa halijanyamaza kuhusu barabara. Katekisimu, namba 2290, inawahesabia hatia nzito wanaohatarisha usalama wao na wa wengine kwa ulevi au kwa kupenda kwenda kasi kupita kiasi. Mwaka 2007 Baraza la Kipapa lililoshughulikia wahamiaji na watu walio safarini lilitoa mwongozo wa uchungaji wa barabarani, na ndani yake mna amri kumi kwa wenye magari. Mojawapo inataka aliye dhaifu zaidi barabarani alindwe. Tulipoisoma, hatukuweza kumfikiria mwingine isipokuwa yule wa darasa la tatu.

Nasi tuanzie nyumbani. Tazama geti la parokia yoyote iliyo kando ya lami siku ya Dominika, Misa ya kwanza inapotoka na ya pili inapoingia. Magari yanasimama mistari miwili, milango ya upande wa barabara inafunguliwa, watoto wa mafundisho wanateremkia katikati ya magari, na mzee wa kanisa anasimama pale na kitambaa chake akijaribu kuwa trafiki. Uwanja wa ndani una nafasi, lakini hakuna anayetaka kuingia kwa sababu kutoka kutamchelewesha. Misafara ya harusi ndiyo usiseme: matarumbeta yanasimamisha barabara nzima ili bibi arusi ashuke mbele ya kamera. Wakati wa misiba mabasi madogo ya kukodi hupangwa hadi kwenye kona, na hakuna anayethubutu kusema neno kwa kuwa watu wana majonzi. Sijui kwa nini, lakini tukiwa wengi na tumevaa sare moja tunadhani barabara nayo imebatizwa. (Huyu "sijui" ni mwandishi peke yake, wenzangu wamesema niache wao wanajua.)

Hatuombi kampeni. Tunaomba mambo madogo. Geti la ndani lifunguliwe siku ya Dominika na magari yashushie humo. Makatekista watumie dakika moja kila wiki kuwaambia watoto: gari liondoke kwanza, ndipo uvuke. Anayeungama aliyezoea kuwa konda, dereva au mwenye gari asishangae akiulizwa kuhusu kazi yake. Na sisi tunaoketi nyuma tujizuie midomo.

Sisi watano tuliamua kushukia kituoni, na wenzetu wengine wakatufuata, si wote. Jumamosi iliyopita konda yuleyule alituambia, "Mafrateri, si niwashushe getini?" Tukasema hapana, kituoni. Mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi, ambaye nyumba yake iko jirani na geti letu, alituangalia kwa hasira. Alikuwa ametutegemea. Akasema kwa sauti ya kusikika gari zima kwamba watu wengine wamepewa miguu na Mungu na hawana mizigo. Tulipofika kituoni tukaomba kumbebea ule mkungu. Alitupatia, lakini njia nzima hakutusemesha, na alipoupokea mlangoni kwake aliuhesabu vichane kwanza.