Radi ya Maniema na kompyuta za kuichunguza

Mtu wa Salamabila, jimboni Maniema nchini Kongo, hafundishwi radi. Wingu likijifunga juu ya mgodi wa dhahabu wa Namoya, simu huchomolewa upesi kwenye chaji. Kinachosemwa kwa nadra ni kwamba mstari ule wa moto ni plazima: hewa iliyopata joto la nyuzi zipatazo 30,000, hadi elektroni zikabanduka kwenye atomu zake. Utafiti uliotolewa mwaka 2016, kwa vipimo vya setilaiti vya miaka 16, uliiweka Kampene, kaskazini ya Kasongo, nafasi ya tatu duniani: mimweko kama 177 kwa kilometa moja ya mraba kila mwaka. Mbele yake kuna Ziwa Maracaibo la Venezuela na Kabare ya Kivu Kusini tu.

Maniema, basi, ina haki ya kuwa na klasta yake, yaani kompyuta kadhaa zilizounganishwa zifanye kazi moja, ya kuigiza plazima, iwe Kasongo au Kindu.

Nayo haihitaji jumba. Mwaka 1994 Thomas Sterling na Donald Becker wa NASA waliunganisha kompyuta 16 za kawaida na kuzitia Linux, programu isiyolipiwa. Katika kuigiza plazima, kila mashine hupewa kipande chake cha anga na chembe zake zenye chaji. Chembe ikivuka mpaka, mashine jirani sharti ipokee mahali ilipo na kasi yake kabla ya hatua inayofuata. Moja ikichelewa, zote husubiri. Swichi nzuri yaweza kufaa kuliko kuongeza mashine ya kumi na saba.

La kuogopwa ni zawadi ya mashine kuukuu. Ranger, kompyuta kuu ya Texas, ilizimwa 2013, na makabati yake mengine yakaletwa Afrika, Tanzania ikiwamo. Kila mashine yake ilikuwa na viini 16. Leo prosesa moja ya seva huzidi hapo kwa mbali, tena kwa umeme kidogo kwa kila hesabu. Mahali ambapo jenereta inakunywa mafuta yaliyopita barabara za matope, chuo kikiletewa vyuma vya namna hiyo kishukuru, kikatae. Heri mashine nne mpya, paneli za jua, betri, na fundi wa informatiki anayelipwa kila mwezi. Fundi kwanza.

Fedha? Sheria ya madini ya 2018 inalipa jimbo asilimia 25 ya mrabaha. Dhahabu ya Namoya inaweza kununua mashine nne.

Na kabla ya boksi la kwanza kufunguliwa, fimbo ya shaba ichimbiwe ardhini na paa lifungwe kinga ya radi, maana mteja wa kwanza wa klasta hiyo anaweza kuiunguza kwa pigo moja.