Kostiki soda isiuzwe kama chumvi

Mhariri,

Hapa Sumbawanga, mafuta ya alizeti yamewapa akina mama kazi ya kutengeneza sabuni, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Hofu yangu ni kostiki soda ya kutengenezea sabuni hiyo, inayopimwa dukani na kufungwa kwenye mfuko usio na maandishi. Nyeupe, punjepunje; mtoto ataidhania chumvi. Kibaya zaidi, wapo wanaoiyeyusha na kuiweka kwenye chupa za maji ya kunywa!

Soda hii huunguza ngozi na kupofusha macho. Unapoiyeyusha, imwage kidogo kidogo kwenye maji baridi. Ukimwaga maji juu yake, huchemka ghafla na kukurukia usoni. Sufuria zetu za alumini hazifai kabisa: soda huzila huku ikitoa haidrojeni, gesi inayoshika moto upesi. Tumia ndoo ya plastiki ngumu, glavu na miwani, tena nje penye hewa.

Ikikupata, vua nguo zilizolowa, jioshe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, kisha nenda hospitali. Usipake siki wala ndimu. Aliyeimeza asitapishwe, akimbizwe hospitali.

Wenye maduka, andikeni "HATARI: KOSTIKI SODA" kwenye kila mfuko, hata kwa kalamu.

Msomaji wako,
Sumbawanga