Ujerumani: Sheria ya bangi yakwama siku ya mavuno

Tangu Aprili 1, 2024, mtu mzima aliyeishi Ujerumani kwa angalau miezi sita anaruhusiwa kupanda miche mitatu ya bangi nyumbani kwa matumizi yake mwenyewe. Sheria hiyo, iliyopitishwa na Bundestag Februari 23 mwaka huo, inamruhusu pia kuhifadhi nyumbani gramu 50 za bangi kavu na kutembea na gramu 25. Katika maandishi, viwango hivyo vinaonekana kupatana. Vinagongana siku ya mavuno.

Baadhi ya wanaopanda majumbani hawatumii udongo. Mizizi huwekwa katika maji yenye virutubisho, na taa huchukua nafasi ya jua. Mwanga unapopunguzwa hadi saa 12 kwa siku, mmea huanza kutoa maua, ambayo kwa kawaida hukomaa baada ya wiki nane au zaidi. Katika wiki za mwisho maua huongezeka uzito, na harufu yake huwa kali kiasi cha kufika kwa jirani, ambaye sheria inataka asisumbuliwe.

Mmea mmoja uliostawi vyema unaweza kutoa zaidi ya gramu 50 baada ya kukaushwa. Hivyo mwenye miche mitatu, ambayo ilikuwa halali tangu ilipopandwa, anaweza kujikuta na shehena inayopita kiwango mara mbili au tatu. Ziada hiyo haina pa kwenda ila kuharibiwa. Kuiuza ni marufuku, na hata kumpa rafiki bure hakuruhusiwi. Anayekutwa na zaidi ya gramu 50 hadi 60 hutozwa faini ya kiutawala. Zaidi ya hapo ni jinai, yenye adhabu ya faini au kifungo cha hadi miaka mitatu.

Lengo la watunga sheria linaeleweka. Walitaka kudhoofisha biashara haramu bila kuwageuza wakulima wa nyumbani kuwa wauzaji wapya. Hata hivyo, muuzaji haramu hajali mizani, ilhali mkulima anayetaka kutii sheria ndiye anayelazimika kupima na kutupa. Luxembourg, iliyohalalisha kilimo cha nyumbani Julai 2023, ilichagua kuhesabu kwa kaya: miche minne kwa kila nyumba, bila kujali idadi ya watu wazima wanaoishi humo.

Kwa wahamiaji, suala hili ni zito zaidi. Hukumu ya jinai inaweza kuathiri kibali cha ukaazi au ombi la uraia, hata pale kosa lilipotokana na mavuno mazuri kupita kiasi. Aidha, ruhusa hiyo inakoma mpakani: kuingiza bangi Ujerumani au kuitoa humo ni kosa, hata iwe kidogo namna gani.

Serikali ya Kansela Friedrich Merz, iliyoingia madarakani Mei 2025, iliahidi kuifanyia sheria hiyo tathmini. Mjadala wa kisiasa umejikita katika kuibakiza au kuifuta. Lakini iwapo itabaki, wabunge watalazimika kuamua kinachopaswa kudhibitiwa, idadi ya miche au uzito wa mavuno. Kwa sasa, raia anaweza kutii sharti la kwanza kikamilifu na bado akavunja la pili.