Mali bila daftari: msanifu wa michoro naye aandikiwe

Mkulima wa kahawa wa Bugarama, wilayani Ngara, anapopeleka mzigo katika chama cha msingi, kilo zake hupimwa, huandikwa na yeye hupewa stakabadhi. Swali langu ni hili: kwa nini kijana anayebuni nembo ya mfuko wa kahawa hiyo hiyo hapewi hata kipande cha karatasi?

Wasanifu wa michoro wanaojitegemea hawana mwajiri, na ni wachache wenye vifaa vyote. Hivyo hushirikiana: mmoja anachora, mwingine anapiga picha, wa tatu anaandaa maneno, kisha kazi inakwenda kwa mchapaji au katika maonyesho ya sanaa. Utaratibu huo ni mzuri. Matatizo huanza fedha zinapoingia.

Faida ya kuungana si hadithi. Ukivuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda, utafika Nyakarambi, ambako akina mama wa ushirika wa Kakira hutengeneza imigongo. Huchanganya samadi ya ng'ombe na majivu, wakafinyanga mistari juu ya ubao na kuipaka rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Samadi ambayo sisi tunaipeleka migombani, wao wanaiuza ikiwa pambo la ukutani.

Hapa nchini, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 na kufariki 1972. Wanafunzi wake hawakutawanyika. Waliungana jijini Dar es Salaam, na mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika. Mwaka 2008 kilianzishwa kituo cha Nafasi, Mikocheni, ambako wasanii wana karakana na mahali pa kuonyesha kazi zao. Mwaka 2024 Tanzania ilikuwa na banda lake kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia. Milango inafunguka.

Lakini umoja usio na maandishi ni hatari. Francis Kanyasu, maarufu kwa jina la Ngosha, alifariki Mei 2017 akiwa mzee na maskini, huku akisema kuwa yeye ndiye aliyechora Nembo ya Taifa. Wapo wengine waliotajwa kwa kazi hiyo hiyo. Karatasi moja yenye sahihi ingemaliza ubishi huo mapema.

Wapo watakaosema kwamba mkataba kati ya marafiki ni dalili ya kutoaminiana. Sikubaliani nao. Mbona mizani ya chama haijavunja undugu wa wakulima?

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inalinda kazi za sanaa, lakini mahali pa kuanzia ni makubaliano ya wahusika wenyewe. Kabla ya kazi, waandike mambo manne: nani anafanya nini, nani analipwa kiasi gani, majina ya nani yataonekana kwenye maonyesho, na nani ana haki ya kuchapa tena. Mteja naye atie sahihi, hata kama ni chama cha msingi.

Vyama vyetu vianze sasa. Vinapokwenda Nane Nane na mifuko yenye nembo mpya, viandike pembeni majina ya waliobuni. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ubunifu nao ni mali.